Jibini Iliyokwisha Kuposwa

Sokoni Birere, mtu asiyepiga kelele hudhaniwa ni mgonjwa. Wauza nguo hupiga makofi, wauza mafuta hugonga chupa, na Bénita, muuza sambaza, alikuwa na megafoni yenye sauti yake mwenyewe iliyorekodiwa, ikiwahakikishia watu tangu asubuhi kwamba vile visamaki vimetoka ziwani sasa hivi. Jioni ilikuwa bado inawahakikishia. Meza iliyopakana na yake ilikuwa ya binamu yake, Patricia Umuhire, binti wa milima ya Masisi. Hapo palikuwa na jibini za mviringo, zile ambazo Goma nzima huziita fromaji, zimepangwa juu ya kitambaa cheupe, na nyuma yake mwanamke ameketi kimya kama anayekesha na maiti.

Tusimwonee. Maneno alikuwa nayo tele, na akiwa peke yake ghalani, akizigeuza jibini zake, alizungumza nazo vizuri tu. Ila mteja akisimama mbele yake, maneno yale yalirudi ndani yakafunga mlango. Alichoweza ni kutazama, na alitazama kweli, kwa udadisi wa mtoto anayechungulia jiko la jirani. Kwa nini wanaume wawili hununua haraka, na mmoja akiwa peke yake husitasita? Kwa nini mtu akishapunguziwa bei huisifu jibini ileile aliyokuwa akiiponda?

Aliyemshangaza kuliko wote alikuwa mama mmoja mnene, kitenge kimefungwa sawasawa, nguo zikinuka moshi wa jikoni. Alipita mara kwa mara. Aliinama, akaibonyeza jibini kwa kidole gumba, akasubiri, akatazama pale palipobonyea, kisha akaenda zake bila kununua. Akafanya hivyohivyo kwenye meza zote za jibini. Anatafuta nini? Umuhire alilala na swali hilo na kuamka nalo. Kumuuliza hakuthubutu.

"Patricia, utakufa na njaa juu ya haya yako," Bénita alimwambia. "Hapa mutu anajisifu mwenyewe. Sema: fromaji yangu njo ya kwanza mu Goma muzima! Nani atakusemea?"

"Niko najaribu."

"Uko najaribu wapi? Mi niko hapa karibu yako, sijasikia kitu."

Mambo yangeendelea hivyo kama isingekuwa simu ya baba. Muzee Twagirimana alikuwa mtu wa maneno machache, na ukimya wa Umuhire ulikuwa urithi wa upande huo. Kule mlimani alifuga ng'ombe wake, akatengeneza jibini mwenyewe katika kibanda cha mbao, na kila barabara ilipopitika alizishusha Goma kwa binti yake. Za msimu uliopita nyingi hazikuuzika. Sasa alikuwa amepanda mpaka kileleni, mahali pekee penye rezo, yaani mtandao wa simu.

"Umuhire," alisema. "Fromaji iko nalala tu huko. Kama ku ile foire ya dimanche haiuzike, nitauzisha ngombe. Wanunuzi wako tayari. Nitalima viazi."

"Na Bihogo?"

"Na Bihogo," baba akasema.

Bihogo alikuwa ng'ombe mwekundu wa rangi iliyoiva, mjukuu wa yule ambaye Umuhire alimwegemea utotoni wakati wa ukungu, akimsimulia yote aliyoshindwa kuyasema shuleni. Ukoo ule wa ng'ombe ulikuwa umemsikiliza maisha yake yote. Umuhire alikata simu akalia palepale kwenye meza, huku megafoni ya binamu yake ikisifu sambaza. Mimi simlaumu.

Jioni, akikunja kitambaa, wazo likamjia. Kwao mtu haendi kujiposea. Siku ya posa bwana harusi huketi amevaa vizuri, mdomo umefungwa, na msemaji wa upande wake ndiye anayesimama na kupamba maneno. Msemaji wa upande wa bibi harusi humjibu. Bwana harusi anaweza kuwa mkimya kama kisiki na bado akaondoka na mke. Sasa ikiwa mtu husemewa hata akapata wa kuishi naye maisha yote, kwa nini jibini isisemewe ikapata wa kuila asubuhi moja?

Katika mji mzima hakukuwa na msemaji kama Muzee Édouard. Alikuwa na kofia ya manyoya, fimbo iliyong'arishwa, na sauti iliyoweza kusikika kutoka hema moja hadi la pili bila mikrofoni. Umuhire alimfuata nyumbani kwake, akamweleza kwa sentensi mbili, akaishiwa. Mzee alicheka, akafikiri, akakubali. Ujira wake ungekuwa jibini moja nzima.

Foire, yaani maonyesho ya biashara, ilifanyika Jumapili kwenye uwanja wa parokia, kati ya wauza sabuni, wauza kahawa na vijana wa juisi. Umuhire alileta jibini changa, nyeupe, laini. Zile za msimu uliopita aliziacha ghalani zimefunikwa, kwa sababu alizionea aibu, kama mtu anavyoficha vyombo vilivyopasuka wageni wanapokuja. Hata hivyo hakuwahi kuzitupa. Msimu mzima aliendelea kuzigeuza na kuzifuta kwa maji ya chumvi, vile baba alivyomfundisha, bila kumwambia mtu.

Muzee Édouard akasimama, akagonga fimbo chini.

"Wamama na wapapa! Familia yetu imetoka mbali. Tumeshuka milima ya Masisi, tumepita matope, tumepita bariere za njiani, juu ya kuwaonyesha binti yetu. Mama yake ni Bihogo, ngombe mwenye hajapiga mutu teke. Muangalie vile ameiva! Muangalie ile sura! Hajatembea na jua, hajalala na panya!"

Watu walivunjika mbavu. Wauza sabuni wakaacha sabuni zao. Simu zikainuliwa juu, mzee akapigwa picha kila upande, na umati ukajaa mpaka Umuhire akalazimika kuishika meza isipinduliwe. Bwana mmoja mwenye suti akapenya mpaka mbele.

"Muzee, nipatie tatu. Ni bei gani?"

Muzee Édouard akaweka mkono kifuani. Hapo ndipo mazoea ya maisha yake yote yalipomshika.

"Kijana, pole pole," akasema kwa sauti ya huzuni. "Binti yetu hatoke leo. Ameshaposwa na familia ingine."

Umati ulipiga vigelegele, maana kila mtu aliijua hatua hiyo. Upande wa binti lazima ukatae kwanza. Husema ameshaposwa, au amekuwa sista, au yuko masomoni Ulaya, na upande wa pili hubembeleza, na kukataa huko ndiko utamu wenyewe wa siku. Lakini yule bwana wa suti hakuwa na msemaji. Alikuwa amekuja kutafuta kitu cha kula na mkate. Alisubiri, akatabasamu, akaenda kununua karanga.

"Na ile ya kando?" mama mmoja akauliza.

"Ile njo dada yake mukubwa. Kwetu dada mukubwa hatolewake mbio mbio!"

Umuhire alimvuta koti. Mzee akadhani anapongezwa, akazidisha. Jua nalo likazidi. Mchana muziki ukaanza upande wa pili wa uwanja, watu wakahamia huko wakiwa bado wanacheka, na jibini zikabaki juu ya kitambaa vilevile zilivyokuja, ila sasa zilikuwa zinatoka jasho la mafuta.

"Muzee, umezikatalia!" alifoka Bénita, aliyekuja kutazama. "Watu wanaleta pesa, unawafukuza!"

Muzee Édouard alivua kofia. Aliumia kweli, ilionekana usoni.

"Mutoto wangu, mi sijasimama mu posa hata moja yenye sijue jibu. Ile tunasemaka mu hema ni sherehe tu. Wakati mi nasimama, wamama walishaongea, wazee walishapatana, kila kitu kilishamalizika. Nakatalaka juu najua wale watu hawatatoka." Akamgeukia Umuhire, sauti ikashuka. "Huku, ni nani alienda kushika irembo?"

Irembo ni lango la boma. Kabla ya hema na vyakula na vigelegele, watu wachache wa upande wa kijana huenda kwa akina binti siku ya kawaida, bila nguo za sherehe, wakaketi, wakaeleza kwamba jicho lao limetua pale. Ndiyo kushika irembo. Umuhire alijua desturi hiyo tangu utotoni, na hakuwahi kuifikiria hata dakika moja.

Hakuwa amesema kitu tangu asubuhi. Sasa akauliza, "Na kule, muzee, wanasemaka nini?"

"Kule? Hawasemake mingi. Wanauliza habari ya nyumba. Wanasikiliza. Wanaangalia kama watu watapatana." Mzee akatikisa kichwa. "Mutu wa kelele hatumwake kule. Mi mwenyewe hawajanituma hata siku moja. Naharibuka mambo."

Umuhire alibaki amemkodolea macho. Miaka yote aliambiwa biashara ni mdomo, na leo fundi mkuu wa mdomo alikuwa anamweleza kwamba ipo kazi inayotangulia mdomo, na kwamba yeye, fundi huyo, haiwezi. Kazi ya kuuliza na kusikiliza! Alitamani kujua zaidi, lakini kwanza ilimpasa ampigie baba.

"Papa, haikuuzika."

Upepo ulivuma kwenye simu. "Bon," baba alisema. "Vendredi watapanda kuchukua ngombe."

"Papa, ungoje kwanza. Nakuomba."

Rezo ikakatika. Hakujua kama amesikika. Alipiga tena, na tena, na siku zilizofuata akapiga mpaka akaichoka sauti ya yule mwanamke wa mtandao anayesema kwamba nambari haipatikani. Mvua ilikuwa imeanza milimani.

Kama ni kushika irembo, angeanza na yule mama wa kidole gumba. Aliwauliza wauza makaa wa Birere kuhusu mama anayenuka moshi, kwani mtu anayepika hivyo lazima ananunua makaa mengi. Walimjua mara moja: Mama Eugénie, mwenye restora, yaani mkahawa, kule mtaa wa Himbi. Shida ikawa jibini ya kwenda nayo. Zile za foire zilikuwa zimeharibiwa na jua. Ilibidi aingie ghalani, afunue zile kuukuu, na azigonge moja moja kwa vifundo vya vidole huku ameinamisha sikio. Nyingine zilijibu kwa sauti tupu, zimeoza ndani. Nyingi zaidi zilijibu kwa sauti nzito, iliyoshiba. Alichukua moja ya hizo, ngumu, ya rangi ya udongo, akaivingirisha kwenye kitambaa kama mtu aliyebeba aibu yake.

Alifika asubuhi, saa ambayo jiko halina haraka. Mama Eugénie alikuwa nyuma ya nyumba, kwenye ua wa mawe meusi, anamenya viazi.

"Hodi, mama."

"Karibu. Hee, wewe si ule wa Birere, ule hasemake?"

"Njo mimi, mama."

Mama Eugénie akamsogezea kigoda kwa mguu, akaendelea kumenya. Umuhire akaketi. Palikuwa na kisu cha pili, akakichukua, akaanza kumenya naye. Ukimya ambao Birere ulimfanya aonekane mjinga, hapa haukumsumbua mtu. Karai lilipojaa nusu, swali likatoka lenyewe.

"Mama, kile kidole. Unatafutaka nini?"

Mama Eugénie alisimamisha kisu. Kisha akacheka mpaka kiazi kikamtoka mkononi.

"Mama yangu! Vile nabonyeza fromaji za watu, wananipigia tu kelele ya bei. Wewe njo wa kwanza kuniuliza." Akapangusa machozi kwa mkono. "Natafuta ile haibonyeke. Zenu ziko laini kama mukate. Nikiiparuza juu ya viazi vya moto, inavutika, inavutika, mutu anakula akiwa amesimama! Mi nataka ya zamani, ngumu, ya chumvi, kama ile muzee wetu alikuwa anafichaka juu ya moto. Hakuna mwenye anaiuzisha. Wanasema watu wanapenda mupya."

Umuhire alifungua kitambaa taratibu.

Mama Eugénie akafuta kidole gumba kwenye kitenge, akabonyeza. Akabonyeza tena, safari hii kwa uzito wa bega zima. Kidole hakikuzama. Bila neno akainuka, akaleta kiparuzio, akaiparuza jibini juu ya viazi vilivyotoka motoni, akala amefumba macho. Akamkatia na mgeni.

"Ni ya kilima gani?" akauliza. "Ngombe za nani?"

Na Umuhire akasema. Akaeleza kilima na ukungu wake, na majani ambayo ng'ombe huyapenda baada ya mvua, na Bihogo anayekataa kukamuliwa na mtu mwenye haraka. Akaeleza vifundo vya vidole vya baba yake, jinsi vinavyoisikia jibini. Akasema hata lile ambalo hakumwambia mtu, kwamba msimu mzima alizigeuza na kuzifuta peke yake zile zilizokataliwa, kwa kuwa hakuweza kuziacha. Makaa yakawa majivu na bado alikuwa anasema. Hakugundua kabisa kwamba alikuwa anajisifu.

Mwisho Mama Eugénie akakunja mikono. "Bon. Leo siseme ndiyo. Wacha niwaze kwanza."

Wiki moja kabla, maneno hayo yangemvunja moyo. Leo Umuhire alimeza kicheko. Sahani yake haikuwa imeondolewa, alikuwa ameongezewa chai, na mwenye nyumba anakataa: mambo yalikuwa yanakwenda kama inavyotakiwa. Alishukuru, akaiacha jibini palepale, akaondoka.

Siku ya pili yake Mama Eugénie alitokea Birere akiwa na wapishi wawili wenzake, na mama huyo, kumbe, alikuwa na mdomo.

"Nani alikuambia uzifiche?" alimfokea Umuhire mbele ya watu wote. Kisha akawageukia wenzake na soko zima. "Muonje hii! Ni ya Masisi, ya baba yake mwenyewe. Huyu mutoto aliilea peke yake msimu muzima kama mutoto muchanga! Zote za zamani zenye ziko ndani ni zangu na hawa. Na zile muzee atatengeneza, uziache zikomae, ziko zetu. Mutu mwingine asiguse!"

Alisema kwa sauti kubwa kiasi kwamba Bénita alizima megafoni ili asikie. Umuhire aliketi nyuma ya meza yake, kitambaa kimenyooshwa, mdomo umefungwa, mtulivu kama bwana harusi.

Lakini furaha ile haikukaa. Kesho yake ilikuwa Ijumaa, ile vendredi ya wanunuzi wa ng'ombe, na simu ya baba ilikuwa bado haipatikani. Alikuwa amemtuma dereva wa lori apeleke habari, na asubuhi akasikia lori limekwama matopeni upande wa Sake, njiani kwenda Masisi. Wateja walikuja, akawauzia bila kuwaona. Alimfikiria Bihogo akifungwa kamba shingoni, akigeuza kichwa kumtafuta mtu anayemjua. Ina faida gani kupata wa kuila jibini siku ileile ng'ombe wanaposhuka mlima?

Simu iliita alasiri.

"Umuhire."

"Papa! Wamekuja?"

"Wamekuja. Na kamba."

Alishika ukingo wa meza.

"Wamerudi na kamba yao," baba akasema.

"Dereva alifika basi? Alikuambia?"

"Dereva gani?"

"Sasa juu ya nini, Papa? Juu ya nini uliwarudisha?"

Umuhire alisikia upepo wa kileleni, kisha mzee akikohoa kidogo, kama afanyavyo anapolazimika kusema jambo refu.

"Wewe hauombake kitu," alisema. "Tangu uko mutoto, haujaniomba kitu hata siku moja. Ile dimanche, uliniomba. Nikajua iko na kitu." Akakohoa tena. "Nikawaambia wale watu ngombe zimeshaposwa. Sasa, mutoto wangu, uniambie vizuri, nisikuwe muongo. Ni nani ameposa?"

Umuhire akafuta macho. Akaanza na kidole cha Mama Eugénie, akasema mpaka unite za simu ya baba zikaisha, akampigia mpaka zake nazo zikaisha, akachukua simu ya Bénita, akaendelea.